Wiki ya Kuhamisha Ukuta

Alhamisi, 22 Machi

Naandika kwa penseli, maana kalamu inataka kukandamizwa na mkono wangu hauna tena nguvu ya kukandamiza kitu. Daktari amesema moyo umechoka. Nilimuuliza utanifikisha wapi, akajibu kwamba mvua hizi nitaziona zikianza na, Mungu akipenda, nitaziona zikikatika. Nimefanya kazi ya maneno miaka arobaini. Namjua mtu anapochagua neno.

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Saa sita binti yangu ameingia na mwavuli unaochuruzika mpaka miguuni pa kitanda, akaweka funguo juu ya mto wangu. Wamepata ofisi mpya. Ni ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa ghala la karatasi: madirisha marefu nje, kuta za kioo ndani. Kampuni hii ya matangazo tuliianzisha watu watatu katika vyumba viwili juu ya fundi viatu. Marehemu mume wangu alitafuta wateja, mimi niliandika maneno, mdogo wangu alichora. Sasa binti ndiye mkurugenzi, na walio chini yake ni kumi na tisa. Jumamosi ya tarehe 7 Aprili watafungua rasmi. Wiki nzima kabla ya hapo itakuwa ya kuhama, kupaka rangi na kusherehekea, vyote kwa pamoja, maana watoto hawa hawajui kufanya jambo moja likaisha.

Nikamuuliza watafanya nini na Ukuta.

"Ukuta tunahama nao, Mama. Bila Ukuta sisi ni nani?"

Ijumaa, 23 Machi

Mvua. Nimekula nusu bakuli.

Jumapili, 25 Machi

Mdogo wangu amekuja. Huja kila Jumapili saa tisa, na hajakosa ila ile Jumapili aliyofiwa na mkewe, na hata siku hiyo alituma mtu aje kuniambia. Nimemzidi miaka kumi na miwili. Nilimbeba mgongoni nikiwa mwenyewe bado wa kutumwa dukani. Mtaani wanamwita Fundi Baridi, kwa kuwa anatengeneza mafriji na viyoyozi. Aliacha kuchora akiwa na miaka thelathini na moja. Akiulizwa sababu, husema friji ikigandisha barafu hakuna kikao kinachoitishwa kujadili kama imegandisha kwa hisia.

Binti yangu amempa kazi ya kufunga viyoyozi katika ofisi mpya. Amekwenda kupima, akarudi na habari kwamba zile kuta za kioo zitawafaa sana, kila mtu ataonekana vizuri akijifanya anafikiri.

Nieleze Ukuta, maana atakayesoma hapa huenda asiwe mtu wa kazi yetu. Mteja akikataa bango ulilotengeneza, unalibandika ukutani wewe mwenyewe kwa pini nne, unaandika kwa kalamu nyekundu "Limekataliwa" na tarehe. Wenzako wanasimama, wanapiga kofi moja, moja tu, kisha kila mtu anarudi kwenye kiti chake. Hakuna pole, hakuna kununa. Bango la juu kabisa, lililoanzisha desturi hii, ni la mdogo wangu. Ni shati limeanikwa kwenye kamba. Kivuli chake ukutani si cha shati, ni cha mtu aliyesimama wima. Chini kuna jina la sabuni. Basi. Kila anayeajiriwa hupelekwa mbele ya bango hilo siku ya kwanza, akaambiwa: hata hili lilikataliwa, wewe ni nani usikataliwe?

Halikukataliwa. Nimeshaandika. Nitaeleza nikipata nguvu.

Jumatatu, 26 Machi

Mvua. Nguvu sikupata.

Jumatano, 28 Machi

Leo nimetembelewa na msichana anayesimamia sherehe. Ofisini wamembandika jina la Kiherehere, naye amelipokea na kulivaa kama kofia. Ana miaka ishirini na sita, anaongea huku akisimama na kukaa. Sikumpenda. Ameweka simu yake juu ya blanketi langu, akaniomba nisimulie siku ile bango la shati lilipokataliwa, ili wapate sauti ya kuchezesha siku ya ufunguzi.

Nimesimulia. Nimeshaisimulia mara nyingi hata hadithi inajiendea yenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Hapo mwanzo mteja wetu, mwenye kiwanda cha sabuni, aligonga meza tu. Miaka kumi baadaye alikuwa akigonga meza na kusimama. Leo nimejisikia nikisema kwamba alipogonga, chai ilimwagika. Hakukuwa na chai iliyomwagika. Hakukuwa na meza iliyogongwa. Nilijisikiliza kwa utulivu, nikaona kwamba chai inasaidia.

Kiherehere akafuta macho. Kisha akanong'ona, ingawa chumbani tulikuwa wawili, kwamba kuna jambo hata mkurugenzi ndiyo kwanza amelikubali jana. Wamemwalika mwenye sabuni. Yuko hai, ana miaka themanini na minne, watu wanamwita Mzee wa Sabuni mpaka leo ingawa kiwanda kiko mikononi mwa wanawe. Bango litafunikwa kitambaa. Yeye ndiye atakayekivuta, kisha atapewa kalamu nyekundu mbele ya watu wote, aandike "Nakubali", miaka thelathini na sita baadaye.

"Na mjomba wa mkurugenzi atakuwepo," akasema. "Bibi, watu watalia."

Nilimwambia sina shaka na hilo.

Alhamisi, 29 Machi

Mvua, na upepo. Sikula.

Ijumaa, 30 Machi

Nguvu ni hizi nilizo nazo. Nikisubiri nyingine nitajikuta nimesubiri upande wa pili.

Asubuhi ile mume wangu alikuwa na homa, kwa hiyo nilikwenda kiwandani peke yangu. Kwenye mkoba wa michoro nilikuwa na mabango mawili. La kwanza lilikuwa langu, mdogo wangu alichora tu nilivyomwagiza: mwanamke mwenye ndoo, anacheka, na chini yake maneno niliyoyatafuta wiki mbili, "Majirani watauliza." Yalikuwa maneno mazuri, sitajishusha mahali ambapo sistahili. La pili lilikuwa lile shati.

Tulikuwa tumekubaliana kuonyesha yote mawili, lake kwanza. Nilipofika niliwekwa kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, nikasubiri kama robo saa. Nikafungua mkoba nikayatazama. Nilikuwa nimeshaliona lile shati mezani kwake, lakini pale, mbali na mezani kwake, nililiona kama atakavyoliona mtu mgeni. Zaidi ya jina la sabuni, halikuwa na neno hata moja. Halikuhitaji. Nilijaribu kulitafutia neno la kuongeza, na kila nililolijaribu lililiharibu. Nikafahamu kwamba bango hili likichukuliwa, kampuni ya watu watatu itagundua kwamba inahitaji wawili.

Sikusikia hasira. Wanaosema wivu unaunguza hawajaonja ule wangu, ulikuwa wa baridi na wenye akili. Mlango ukafunguliwa, nikaingia, nikatoa bango langu, lile jingine nikaliacha mkobani. Walikuwa saba. Walilipenda. Mwenye sabuni aliyarudia maneno yangu mara mbili akicheka, akasema mama yake angependa kuyasikia. Dakika ishirini nikawa nje.

Mdogo wangu alikuwa akinisubiri kwenye ngazi, juu ya fundi viatu. Nikamwambia wamechukua langu, lake wamelikataa.

"Wote?"

"Wote saba. Nimekupigania mpaka mwenye sabuni akagonga meza."

Hilo la mwisho nililiongeza kama mtu anavyotia sukari kwenye dawa. Akasema, "Asante, dada." Kisha akalichukua bango, akalibandika ukutani yeye mwenyewe, akaandika yale maneno mekundu, na mimi na mume wangu mwenye homa tukasimama. Mume wangu alikuwa na glasi mkono mmoja, kwa hiyo alipiga kofi moja pajani. Ndiyo asili ya desturi yetu.

Alivumilia mwaka mmoja akichora wanawake wenye ndoo. Halafu akaenda kujifunza mafriji.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka thelathini na sita, na imepita mahali pazuri.

Jumamosi, 31 Machi

Nimefanya jambo ambalo si la kujivunia, ila limefanya kazi. Kwanza nilimwomba binti yangu asimwalike Mzee wa Sabuni, nikasema ni kumdhalilisha mtu mzima. Akasema mwaliko umeshakwenda na mzee amefurahi kupita kiasi. Basi alipotoka, nikampigia mzee mwenyewe. Alipokea simu kwa sauti ya mtu aliyekuwa amekaa nayo mapajani akisubiri.

Alinikumbuka. Alikumbuka ndoo pia. Shati hakulikumbuka, na kumbukumbu yake, kwa bahati mbaya, ni nzima. Nikamweleza ukweli kwa maneno machache, nikamwomba kwamba siku ile akubali kuwa alilikataa.

"Yaani nikiri kosa nisilolifanya."

"Ndiyo."

"Nilikuwa mjinga kiasi gani?"

"Wastani tu."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kwa umri wake ameshakiri aliyoyafanya kweli, moja la bure halimwongezei uzito. Akaniuliza kama huyo mchoraji ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nikasema ndiye. Hakucheka tena, akaniaga.

Kwa hiyo nimesalimika. Jumamosi itapita, nami nitapita baada yake, na hakuna atakayejua. Nimeandika sentensi hii ili nione inavyokaa kwenye karatasi.

Jumapili, 1 Aprili

Amekuja saa tisa, viatu vimelowa. Amenikata kucha za miguu, kazi ambayo binti yangu anaiogopa. Amenieleza habari za bomba la kutolea maji ya kiyoyozi na jinsi wapaka rangi walivyolipaka pamoja na ukuta. Nilikuwa na saa moja na nusu ya kusema. Niliuliza maswali mengi kuhusu bomba.

Jumatatu, 2 Aprili

Wiki yao imeanza. Meza ndefu ya mikutano imekwama kwenye lifti, nusu ndani nusu nje, na watu wa ghorofa ya tatu wanapanda kwa ngazi wakiwatukana. Binti yangu amenipigia mara mbili akicheka. Amesema nitakwenda kesho kuona.

Jumanne, 3 Aprili

Wamenipeleka ofisini kwa kiti cha magurudumu, mvua ikinyesha, binti yangu akisukuma na Kiherehere akinishikia mwavuli huku yeye mwenyewe akilowa. Meza ilikuwa imetolewa kwenye lifti kwa kukatwa mguu mmoja. Mguu huo sasa umeandikwa tarehe na kuwekwa juu ya kabati kama kikombe cha ushindi.

Ofisi ni nzuri. Ina mwanga mwingi kuliko mawazo. Vijana wanakanyaga maputo, wanabeba kompyuta wakiwa wamezikumbatia kama watoto wachanga, wanagombea kiti cha dirishani. Ukuta umeshasimamishwa sebuleni, wa kwanza kuonekana mtu anapoingia. Mabango kama mia mbili, kila moja mahali pake pa zamani, na juu lile shati, ndani ya fremu. Mdogo wangu alikuwa juu ya ngazi kando yake, anakaza skrubu za kiyoyozi. Miaka sitini na sita, na bado anapanda ngazi kama mtu aliyesahau kuzaliwa mapema.

Saa tano Kiherehere alipokea simu. Sikujua kwamba zaidi ya sherehe alikuwa na kazi yake, kampeni ya mteja mkubwa ambayo aliihangaikia miezi miwili. Wamekataa. Kati ya maputo na rangi mbichi akaleta bango lake, akatafuta pini nne, akaandika yale maneno. Mkono wake ulikuwa imara. Watu wakasimama, kofi moja, wakarudi kwenye kazi. Kisha akaja akasimama nyuma ya kiti changu, mahali ambapo hakuna aliyemwona isipokuwa aliye juu ya ngazi, na nikasikia pumzi yake ikikatika. Nilikuwa nimemfikiria kuwa mtu wa kelele tu. Kumbe kelele ni za kufunikia.

Mdogo wangu akashuka. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Mwanangu, nani aliipeleka kazi yako?"

Akasema mkurugenzi mwenyewe.

"Alisimama nayo?"

"Amesema amebishana nao nusu saa."

"Basi umebarikiwa. Mimi walinikataa watu saba kwa mpigo. Lakini dada yangu huyu alikuwa mle ndani, akanipigania mpaka meza ikagongwa. Bango nimeshalisahau, kusema kweli. Sijasahau kwamba kulikuwa na mtu. Unafikiri Jumapili huwa naenda kwake kunywa chai? Chai yake haina ladha."

Kiherehere akacheka, kamasi zikamtoka. Mdogo wangu akaniwekea mkono begani, akarudi kwenye ngazi yake.

Miaka yote hii nimekuwa nikidhani nilimwibia bango.

Jumatano, 4 Aprili

Mvua. Penseli imevunjika mara mbili.

Alhamisi, 5 Aprili

Nilimwomba binti yangu amtume mjomba wake baada ya kazi. Alikuja saa kumi, nyusi zimejaa vumbi la ukuta uliotobolewa, akafikiri nimezidiwa. Nikamwambia akae. Nikamwambia asinikate kauli mpaka nimalize.

Nilimwambia kwa mpangilio ule ule niliouandika hapa tarehe 30: benchi, mkoba, mlango. Sikumwambia kuhusu moyo wangu wala daktari, maana hiyo ingekuwa njia ya kuomba. Nilimwambia pia kwamba Mzee wa Sabuni yuko tayari kudanganya Jumamosi kwa sababu mimi nimemwomba.

Hakunikata kauli. Nilipomaliza alikuwa akitazama mikono yake.

"Hakuliona kabisa?"

"Hakuliona."

"Na meza?"

"Hakuna aliyegonga meza."

Akafikiri. Nilimtazama usoni nikitafuta hasira, kwa kuwa hasira ningejua mahali pa kuiweka. Alikuwa na sura ya mtu aliyefungua mashine na kukuta kifaa ambacho hakukiweka yeye.

"Ulinipigania," akasema polepole, kama anasoma kibao. "Mke wangu aliumwa, nikakupa wewe Jumapili zake, kwa kuwa ulinipigania. Alikuwa akiniambia, nenda kwa dada yako, mimi nipo."

Nilikuwa nimejiahidi nisitafute neno la kujitetea. Akainuka, akasahau kofia, akairudia, akatoka. Hakuniaga. Mvua ilikuwa kubwa na niliisikia ngazini baada ya hatua zake.

Ijumaa, 6 Aprili

Hakuna simu. Binti yangu amekuja kunipimia gauni la kesho. Limenipwaya.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimechoka, lakini hili nitaliandika lote.

Walikata utepe saa nne. Binti yangu alisema maneno mafupi na mazuri. Nilijua nani alimfundisha, nikaona haya. Wateja wapo, majirani wa ghorofa ya tatu wapo, hata waliotukana. Maputo yanapasuka ovyo, na kila yakipasuka mtu anasema huyo ni mteja ameona makadirio ya gharama. Kiyoyozi cha sebuleni kikaanza kudondosha maji juu ya mitambo ya muziki, na ndiyo sababu mdogo wangu alikuja. Sidhani angekuja kwa jambo jingine. Alipita mbele ya kiti changu akiwa na bisibisi, akatengeneza, akabaki pale chini ya ngazi kwa sababu watu walikuwa wamejaa na hapakuwa na njia ya kutoka.

Mzee wa Sabuni aliwasili akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake, amevaa suti ya enzi ya kiwanda. Kiherehere akachezesha sauti yangu. Ikajaa chumba kizima, chai ikimwagika, watu wakiguna. Sikugeuka kumtazama mdogo wangu. Nilitazama magoti yangu.

Kisha mzee akapewa ncha ya kitambaa. Akanitupia jicho, jicho la mtu anayetimiza ahadi, akasafisha koo.

"Naam," akaanza, "wakati ule nilikuwa kijana, na kijana akiwa na kiwanda..."

Watu wakacheka. Akavuta kitambaa.

Hakumaliza sentensi. Alisogea hatua moja, akaondoa mkono wa mjukuu wake. Akalitazama lile shati, akakitazama kivuli, akarudi kwenye shati. Watu wakatulia wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nimeona watu wengi wakiangalia mabango katika maisha yangu. Hulipwa au hujipendekeza, na macho hukimbilia kwenye maneno. Yeye hakuwa na maneno ya kukimbilia.

"Hili," akasema, na sauti haikuwa tena ya mkutanoni. "Hili ningelichukua."

Ukumbi ukalipuka. Walielewa kwamba mzee anajuta. Makofi, vifijo, Kiherehere analia kama alivyoahidi, kalamu nyekundu ikapita juu ya vichwa vya watu mpaka ikamfikia. Fremu ikashushwa, akaandika "Nakubali", herufi zikashuka kama ngazi. Watu zaidi ya mia walishangilia hadithi waliyoijua. Tuliojua nyingine tulikuwa watatu.

Ndipo nikamtazama. Alikuwa bado chini ya ngazi, bisibisi mkononi, analitazama bango lake. Hakuwa akishangilia wala kulia. Midomo yake ilikuwa ikirudia kitu. Mzee akauliza mchoraji yuko wapi, wakamsukuma mbele, wakapeana mikono. Wakaenda dirishani wawili hao, wakakaa huko mpaka keki ikaisha. Sikusikia walichozungumza. Nilimwona mzee akitikisa kichwa mara nyingi, na mara moja akimshika mdogo wangu kiwiko.

Binti yangu akanisukuma kwenda garini. Akasema, "Mama, umeona? Imefana kuliko tulivyopanga." Nikasema imefana.

Jumapili, 8 Aprili

Saa tisa. Saa kumi. Hakuja, wala hakutuma mtu.

Jumanne, 10 Aprili

Nimemwambia binti yangu. Alisikiliza akiwa amesimama, kama anavyosikiliza wateja. Alipokuwa na miaka minane alikuwepo siku lile bango linabandikwa. Anakumbuka kofi la pajani la baba yake. Akaniuliza kama baba alijua. Nikasema hakujua.

"Umetufundisha kuvumilia, Mama, na somo lenyewe ulilitunga."

"Ndiyo."

Akasema atawaambia wafanyakazi wote, na hataniuliza ruhusa. Sikuitarajia heshima hiyo, ya kutokuulizwa. Ni mkurugenzi mzuri kuliko nilivyokuwa. Mlangoni akageuka, akasema mjomba wake anapokea simu zake, ila za kazi tu.

Ijumaa, 13 Aprili

Kiherehere amekuja bila kualikwa. Amesema wamekaa kikao cha saa mbili. Wengine walitaka bango liondolewe, wengine walitaka Ukuta wote ushushwe. Mwishoni wameliacha, ila chini yake wameongeza karatasi ndogo: "Halikuonyeshwa." Na wameweka sharti kwamba anayekwenda kwa mteja haendi tena peke yake. Nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Akakaa, kwa mara ya kwanza bila kuinuka.

"Nimekukasirikia sana, Bibi. Halafu nikaangalia rasimu ya mwenzangu iliyo mezani kwangu tangu juzi, sijaipeleka mbele. Nikaipeleka."

Amenisomea gazeti kurasa mbili. Nimebadili kabisa maoni yangu juu yake. Simwambii, atavimba kichwa.

Jumapili, 15 Aprili

Hakuja. Mvua haikunyesha asubuhi, ikanyesha jioni.

Jumatano, 18 Aprili

Nilikuwa nimesinzia. Nilipofumbua macho alikuwa amekaa kwenye kiti, kofia gotini. Sijui alikaa muda gani. Nilidhani nimekosea siku, nikamuuliza leo ni Jumapili? Akasema ni Jumatano.

Hakuanza na salamu. Akaniambia nimsimulie tena siku ile, kama ilivyokuwa, nisiongeze kitu. Nikamsimulia. Haikuchukua hata dakika tatu. Ule uongo ulikuwa ukinichukua nusu saa.

"Kwa hiyo sikukataliwa," akasema.

"Hukukataliwa."

"Basi niliacha bure."

Nilitamani kumwambia kwamba amelea watoto watatu kwa yale mafriji, kwamba mji mzima unamjua, kwamba mkono wake haukupotea. Yote ni kweli na yote yangekuwa ya kunifaa mimi.

"Uliacha bure," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amehitaji mtu aliseme, na mwenye haki ya kulisema nilikuwa mimi peke yangu. Akainuka, akafunga dirisha ambalo mvua ilikuwa ikiingilia, akakaa tena.

"Jumapili sitakuja," akasema. "Jumapili nilikuwa nakuja kwa yule aliyenipigania. Huyo sina tena, na sitaki kukaa naye chumba kimoja nikijifanya yupo." Akavaa kofia. "Jumatano huwa sina kazi nyingi. Jumatano nitakuja kwa dada yangu. Simjui vizuri. Tutaona."

Nikasema sawa.

Jumapili, 22 Aprili

Mvua zimepungua. Daktari amepita, hakuchagua maneno.

Jumatano, 25 Aprili

Amekuja. Hakukaa sana.